Matairi ya Siku Moja

Siquirres, Jumamosi 17 Agosti 2019

Yorleny mdogo wangu,

Nimekukosea. Nasema hivyo mwanzo kabisa, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Yale matairi yaliyokufelisha kwenye ukaguzi hayakuwa yako. Yalikuwa ya pikapu yangu. Niliyabadilisha mimi, mwezi wa saba, ulipokwenda Puntarenas kwa mwanao aliyejifungua, ukaniachia funguo za kibasi ili nikiwashe kila baada ya siku mbili betri isife.

Habari kanipa Wilberth wa lori la kabichi, juzi, wakati anapakia ndizi za kurudi nazo. Yeye alidhani ananichekesha. Kasema, "Dada yako kamvaa Don Ananías pale kwenye duka lake la matairi, kamwita mwizi mbele ya watu, mzee kabaki kashika spana kama mshumaa." Watu wa hapa kiwandani wakacheka wote. Mimi nikaenda nyuma ya mabomba ya kuoshea ndizi nikakaa chini.

Nimekupigia mara sita, simu imezimwa. Wilberth anasema umeizima kwa sababu ya wazazi wa wanafunzi wanaokutukana. Ndiyo maana nampa barua.

Ilikuwa hivi. Namba ya pikapu yangu inaishia na saba, kwa hiyo ilibidi ikaguliwe Julai, na nilishafeli mara moja kwa matairi kuwa vipara. Ukifeli unalipa tena ukirudi. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Unajua watu wanavyofanya. Yupo yule jamaa wa barabara kuu anayekodisha matairi mazima kwa asubuhi moja. Anakufungia, unapita kwenye ukaguzi, anakuvulia ukitoka getini. Kila mtu anafanya. Kizima moto cha mwenye baa, cha kuazima, kimeshapita kwenye magari yote ya La Angostura, na pembetatu zake za kuweka barabarani hazijawahi kukaa barabarani hata siku moja. Sasa nikaona, kwa nini nimpe yule jamaa hela wakati matairi ya dada yangu, mapya, yamekaa tu bandani na yanaingia kwenye boliti zangu vizuri? Nilitaka kuokoa. Siku moja tu, nikurudishie.

Basi siku moja ikawa mbili, halafu nikapata hii kazi ya huku, safari ikanibana, mambo yakachanganyika. Nitakutafutia mengine.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Don Ananías kwanza. Tulimalize nyumbani, mimi na wewe.

Kaka yako,
Olger


La Angostura, Jumatano 21 Agosti

Olger,

Usiniite mdogo wako kwenye barua kama ile.

Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye lango, Wilberth ananitazama, injini ya lori inanguruma. Kaniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia ndiyo.

Unasema mambo yakachanganyika. Matairi si soksi. Matairi manne hayachanganyiki yenyewe. Kila moja lina nati sita. Ulikaa chini ukafungua nati ishirini na nne, ukafunga nyingine ishirini na nne, na muda wote huo kichwa chako kilikuwa kizima.

Sasa nikusimulie Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, kwa sababu Wilberth amekupa kichekesho tu.

Nilifika kituoni saa kumi na mbili asubuhi ili niwe wa kwanza. Gari la wanafunzi linakaguliwa mara mbili kwa mwaka, wewe unajua, na mimi katika miaka kumi na moja sijawahi kufeli hata taa ya namba. Nilipiga pasi shati. Breki zikapita, moshi ukapita, mikanda yote kumi na nane ikapita. Halafu yule mkaguzi, msichana mdogo kuliko binti yangu, kapiga magoti na tochi, kaingiza kidole kwenye mfereji wa tairi la mbele. Kakitoa, kakiangalia, kimekuwa cheusi. Kasema, "Mama, mifereji hii nani kakuchongea?" Mimi nikacheka. Nikamwambia haya mapya, nilinunua Machi. Kamwita mwenzake. Wakapiga magoti wote wawili.

Kwenye karatasi yao kuna kosa dogo, kuna kosa kubwa, na kuna hatari. Mimi niliandikiwa hatari. Maana yake kibasi hakiruhusiwi kutoka pale kwa magurudumu yake. Kilitoka kikiwa kimebebwa mgongoni mwa gari la kuvuta, kimeandikwa Wanafunzi kwa herufi kubwa ubavuni, kinapita mbele ya foleni nzima. Kwenye hiyo foleni alikuwepo baba wa wale mapacha ninaowabeba. Kapiga picha. Kabla sijafika nyumbani wazazi wote walikuwa wameshaiona.

Siku tatu baadaye ikawa Siku ya Mama. Kila mwaka siku hiyo watoto wa kibasi huniletea kadi za kuchora, naning'iniza jikoni mpaka Krismasi. Mwaka huu kaja mama mmoja mlangoni, kaniuliza ni hela ngapi niliokoa kwa kuwabeba watoto wao juu ya matairi ya kuchonga. Kaniuliza kwa upole kabisa. Hilo neno lako, kuokoa. Nililisikia kwake kabla ya kulisoma kwako.

Na Don Ananías. Nilikwenda dukani kwake siku ileile ya ukaguzi, niko na hasira sioni mbele. Nikamwambia umeniuzia matairi vipara yaliyochongwa kwa kisu, umeweka roho za watoto rehani. Kanijibu taratibu, "Yorle, haya si yangu. Ninayouza kwa kulipa kidogo kidogo nayapaka mstari wa njano upande wa ndani, na siufuti mpaka umalize." Nikamwambia umeufuta mwenyewe, mzee mwizi. Madereva watano walikuwepo. Toka siku hiyo duka lake halina mtu, na mimi ndiye niliyelifunga kwa mdomo wangu, na wewe ulijua toka mwanzo matairi ni ya nani.

Halafu unaniandikia tulimalize nyumbani. Nyumbani kwa nani?

Kamati ya wazazi inakaa Jumamosi tarehe 14 Septemba, kwenye ukumbi wa shule, kuamua kama niendelee kubeba watoto au njia yangu wapewe wengine. Kuna bwana kutoka kijiji cha pili ameshaleta gari lake watu walitazame. Wakimpa, sina kazi. Huo ndio uzito wa mambo, ili usiseme hukuambiwa.

Nijibu mawili. Matairi yangu yako wapi? Na nani aliyechonga yale?

Yorleny


Siquirres, Jumatatu 26 Agosti

Yorleny,

Nimesoma. Una haki ya kukasirika, lakini na mimi nina haki ya kusema.

Pikapu iko kwa rafiki, Cartago, na matairi yako yako juu yake, mazima. Nikipata mapumziko nitayafuata. Kuhusu kuchongwa, mimi sijui. Nilipoyanunua, mitumba, yalikuwa hivyohivyo. Mtu ananunua tairi, anaona mifereji, anaamini ni mifereji.

Tena wa kulaumiwa wa kwanza ni huo ukaguzi wenyewe. Mwenye pikapu ya mwaka wa tisini na tatu analipa sawa na mwenye gari lililotoka dukani jana. Huyo wa jana anapita anapiga mluzi. Mimi nalipa, nafelishwa kwa wipa, nanunua wipa, nalipa tena, nafelishwa kwa tairi. Anayeshindwa kununua tairi ndiye anayelipishwa mara mbili. Halafu barabara yenyewe wanayotutaka tuiendee na gari zima ina mashimo ya kuoshea ng'ombe. Nikisema hivyo nimetukana?

Na nikuulize na mimi. Wewe ni dereva wa miaka kumi na moja. Umekiendesha kibasi kile wiki nne, kila siku mara mbili, kwenye mteremko wa La Chilca, na mvua ya Agosti. Hukuhisi kitu? Mikono yako haikukwambia kwamba hayo si matairi yako? Usinibebeshe yote peke yangu.

Olger


La Angostura, Jumapili 1 Septemba

Olger,

Jana nilikuwa soko la wakulima. Nimeiona pikapu yako.

Haikuwa Cartago. Ilikuwa pale nyuma ya wauza jibini, imejaa maboga madogo ya machayote, na mwenye nayo ni bwana mmoja mpole kutoka bonde la juu, anakula tamale ya mahindi amekaa kwenye bampa. Nilimsalimia. Nikamwomba nitazame kitu. Nikalala chini ya pikapu na gauni langu la Jumamosi, kwenye maji ya mboga, watu wananiruka, mtoto wa mtu anauliza mama huyu bibi kafa?

Mistari minne ya njano. Kila tairi na wake.

Nilipotoka chini nimemuuliza gari kalinunua lini. Kasema Julai, palepale nje ya geti la ukaguzi. "Bibi, injini yake inakohoa," kasema, "lakini nilipoona yale matairi mapya nikajua mwenyewe ni mtu anayejali." Alikuwa anakusifu. Nimemnunulia kahawa.

Kwa hiyo uliuza. Hukuazima siku moja. Uliuza matairi yangu, ambayo hata sijamaliza kuyalipia, ukaweka mfukoni, ukaenda zako kwenye ndizi. Barua yako ya pili ilikuwa uongo mstari kwa mstari, na bado ukapata nafasi ya kuniuliza mimi kama sikuhisi.

Nilihisi. Hilo nakwambia wewe tu, maana sijamwambia hata padri. Usukani ulikuwa mwepesi. Siku ya kwanza kabisa niliuona mwepesi, nikasema labda ni matope. Sikushuka nikatazama, kwa sababu nilijua nina matairi mapya, na kwa sababu ukaguzi unakuja na sikutaka kujua kama kuna kitu kingine cha kununua. Tarehe sita Agosti, mvua, watoto kumi na sita ndani, kona ya La Chilca ile yenye msalaba, kibasi kiliteleza. Si kidogo. Mkia ukazunguka, nikaona bonde kwenye kioo cha pembeni. Kilisimama kwenye nyasi. Nikawaambia, "Nani anataka tena?" Wakacheka. Wakapiga makofi, wakasema tena, tena. Nikawafikisha shuleni. Nilipowashusha nilikaa kwenye kiti dakika ishirini.

Sikumwambia mzazi hata mmoja. Kwa hiyo usinifundishe kuhusu mikono yangu, mikono yangu naijua.

Barua yako ya kwanza niliipeleka kwa kamati. Mwenyekiti kaisoma, kaikunja, kanirudishia. Kasema kaka anamkingia dada yake kifua, kila familia ingefanya hivyo, na hata hiyo barua haisemi nani alichonga. Kwa hiyo karatasi zako hazinisaidii kitu. Usinitumie tena.

Nilikwenda pia kwa Don Ananías, kumwomba radhi. Alikuwa anaziba tairi la baiskeli, ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo. Hakuinua kichwa. Kasema, "Nimekusikia, Yorle." Nikasubiri. Kasema tena, "Nimekusikia. Huyo mwingine nitamwandikia mwenyewe."

Yorleny


Duka la Matairi, La Angostura, 3 Septemba 2019

Bwana Olger Quirós,

Mimi si mwandishi. Nitakuwa mfupi.

Matairi yale manne mabovu yako hapa kwangu. Gari la kuvuta liliyaleta, kwa sababu dada yako alitaka nitazame nilichomuuzia. Nimeyatazama. Yamechongwa kwa wembe wa moto, na mtu mwenye subira. Kwenye tairi mbili ulifika kwenye nyuzi. Ukiweka kidole unazihisi.

Nimempa dada yako matairi manne mengine. Si kwa ajili yako. Jana alirudi kituoni akapita. Karatasi ya kufaulu anayo. Jina jema hana, na mimi sina.

Umekuwa ukija dukani kwangu toka una miaka kumi na minne. Wiki ya kwanza ya kila mwezi huwa nawatazamia watu magari yao bure kabla hawajaenda kwenye ukaguzi, na wewe ulikuwa ukisimama pale mlangoni na chupa yako ya soda unanicheka. Ulikuwa unasema, "Don Ananías anataka kuwa serikali." Nilikuwa nawaambia watu vitu vidogo. Rudisha gari kinyumenyume karibu na ukuta, kanyaga breki, utaona mwenyewe taa ipi imekufa. Ingiza sarafu kwenye mfereji wa tairi, ikizama kidogo tu usiende. Badilisha wipa kabla hawajakwambia. Nenda siku za mwanzo wa mwezi, ukifeli unakuwa na muda wa kutengeneza bila kukopa. Tengeneza yote mara moja, kwa sababu wanaolipa mara tatu ni wale wanaotengeneza kimoja kimoja. Hiyo ndiyo njia ya kuokoa hela ya ukaguzi. Haina siri, na haina ujanja, ndiyo maana hukuipenda.

Wiki hii ni ya kwanza ya Septemba. Nimefungua mlango saa moja kila siku. Hajaja mtu.

Jambo la mwisho. Baba wa mapacha amesema hadharani kwamba akimjua aliyechonga matairi yale atamfikisha polisi. Nakuambia mapema ili ukija uje unajua, na usipokuja pia uwe unajua.

Sitaki hela yako.

Ananías Segura


Siquirres, Jumamosi 7 Septemba 2019

Yorleny,

Uliniambia nisikutumie tena karatasi. Hii ni ya mwisho, na sikuombi uipeleke kwa mtu yeyote.

Barua ya Don Ananías nimeisoma mara nyingi. Ya kwako ya tarehe moja nimeisoma mara moja. Siwezi mara ya pili, kwa sababu ya hao watoto kupiga makofi.

Nakwambia sasa yote, na sitapunguza.

Nilipita kwenye ukaguzi na matairi yako tarehe tisa Julai, saa nne asubuhi. Nilikuwa na jeki kwenye pikapu na nia ya kurudi moja kwa moja bandani kwako. Mnunuzi wa pikapu tulikuwa tumeahidiana naye jioni, nyumbani kwangu. Lakini alikuja getini, kanisubiri pale, na hela kwenye mfuko wa nailoni. Kazunguka gari. Kapiga teke tairi la mbele, tairi lako, kasema, "Nalichukua kama lilivyo." Ilitakiwa nimwambie matairi si yangu. Yalikuwa maneno matatu tu. Nilifungua mdomo nikasema, "Sawa."

Nimefikiria sana hiyo "sawa." Hakuna aliyenisukuma. Sikuwa na njaa, sikuwa na mgonjwa. Niliona matairi yameongeza bei, na nilifurahi. Nilirudi kwa basi nikitabasamu, nikimwona yule mnunuzi mjinga, na ukaguzi mjinga, na Don Ananías na sarafu yake mjinga kuliko wote.

Kibasi chako kilikuwa juu ya magogo. Wewe ulikuwa unarudi baada ya siku tatu. Vipara vyangu vinne vilikuwa vimelala pale bandani. Nikachukua wembe wa kukatia ngozi, ule wa baba, nikaupasha moto kwenye jiko lako la gesi, jikoni kwako. Nilifanya kazi kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka ng'ombe wa jirani wanarudi. Moshi wa mpira ulijaa nyumba nzima, nikafungua madirisha, nikakuchemshia mdalasini kila siku mpaka uliporudi, ili harufu itoke. Ulipofika ulisema nyumba inanukia kama sikukuu. Ulinishukuru, Yorleny. Uliniletea samaki waliokaushwa.

Nilipofika kwenye nyuzi, kwenye tairi la tatu, nilijua. Wembe ulikwama. Nilijua ni nyuzi. Nikasogeza mfereji kidogo kando nikaendelea. Halafu nikapaka dawa ya viatu.

Nilikuandikia kwamba nilinunua yakiwa hivyo. Nilikuandikia pikapu iko Cartago. Na pale nilipokuuliza kama hukuhisi kitu, nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye. Mzigo huu haugawiki. Wewe ulinyamaza kwa woga. Mimi nilikaa kitako nusu siku nikachora mifereji chini ya watoto wa watu.

Yale niliyoandika kuhusu ukaguzi kuwaumiza maskini, bado naamini ni kweli. Lakini niliyatumia kama tambara la kufutia mikono. Aliyeumizwa na mimi hakuwa ukaguzi. Yule msichana wa tochi ndiye mtu pekee katika hadithi hii nzima aliyewatazama watoto wako kama watoto.

Nimeongea na msimamizi hapa. Kasema nikiondoka wiki ya mavuno kazi hainisubiri. Nimemwambia isinisubiri. Kauliza kuna nini huko kwenu, harusi? Nimemwambia nakwenda kuonyesha mwandiko wangu. Kaniona nimelewa.

Mwenyekiti ana haki ya kusema barua ya kaka haina uzito. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba alichonga. Lakini mimi ni wa mkono wa kushoto, na mifereji yangu yote inalalia upande mmoja, kama mwandiko wa mtu anayeandika amelala. Don Ananías akiitazama vizuri ataona. Wembe ninao. Haukuachwa huko, nilikuja nao huku, sijui kwa nini, labda kwa sababu mwizi hapendi kuacha kitu cha maana.

Basi nifanye hivi, na usinizuie, na usinisubiri stendi.

Jumamosi tarehe 14, saa mbili kamili asubuhi, nitakuwa kwenye ukumbi wa shule. Nimemtumia Don Ananías ujumbe kwa Wilberth, nikimwomba alete moja ya yale matairi, lile la tatu, na jiko dogo la gesi. Nitasimama mbele ya kamati, nitasema jina langu. Nitasema Yorleny Quirós hakujua, na Don Ananías Segura hakuuza, na matairi mazuri ya dada yangu niliyauza mimi. Halafu nitaupasha wembe moto, na pembeni ya mifereji ya zamani nitachonga mwingine, mbele yao wote, ili mwenyekiti aweke macho yake pale na baba wa mapacha aweke kidole chake pale. Wakishaona mkono ni ule ule, nitaweka wembe chini.

Kama baba wa mapacha ataita polisi, nitakaa nisubiri. Kama hawatakuja, nitatoka pale nitembee mpaka kwa Don Ananías, nisimame mlangoni kwake mpaka atakapofunga, na kila dereva atakayepita barabarani nitamsimamisha na kumwambia.

Uamuzi wao kuhusu kazi yako ni wao. Uamuzi wako kuhusu mimi ni wako, na sikuulizi.

Basi la kwanza linatoka huku Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Tiketi nimeshakata, ya kuja tu.

Olger Quirós Mena